Diski ya Mwali

Mume wangu alikuwa na kazi ambayo mama yangu, kule Newala, hajaielewa mpaka leo. Nilikuwa namwambia kwenye simu kwamba mkwewe anabana picha za video, naye ananiuliza anazibania wapi. Nikimweleza kwamba anachukua picha kwenye diski, anaiingiza kwenye kompyuta, kisha anaipunguza mpaka inaenea kwenye simu, anauliza bei ya unga. Sikumlaumu. Hata mimi mwanzoni niliona ni uvivu tu wa kukaa kwenye kiti.

Kibanda chetu kilikuwa Keko, katikati ya karakana mbili za maseremala. Kushoto walitengeneza vitanda, kulia makochi, na sisi tulikaa pale kati tukila vumbi la mbao. Feni ya kompyuta ilikuwa inakoroma kutwa, na kila wiki mume wangu aliifungua akaisafisha kwa brashi ya rangi. Watu walileta flashi na kadi za simu, wakasema, "Nirushie mpya," naye anawarushia. Diski moja ya picha ilikuwa inakula giga nne na zaidi, na yeye aliibana mpaka flashi moja ikabeba picha kibao. Mimi nilijifunza kazi hiyo kwa kuchungulia begani kwake. Ila wateja walimpenda yeye, kwa sababu mimi nina mdomo, na mtu akinisumbua namwambia.

Mtoto wa marehemu dada yangu ndiye aliyekuwa anaolewa. Nilimchukua akiwa darasa la pili, nikamlea na wa kwangu, na kwangu yeye ni mwanangu wa kwanza, sina lugha nyingine. Alikuwa ameposwa na kijana wa Boko, familia ya watu wa dini, watulivu, wenye maneno machache. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Siku chache kabla tulimfunda pale uani kwetu, wanawake watupu, geti limefungwa kwa ndani.

Kwa desturi yetu, aliyepaswa kumfunda ni bibi yake, yaani mama yangu. Lakini miguu ya mama ilishakataa, na safari ya basi kutoka Newala si ya mtu anayebebwa kwenda chooni. Nikasimama mimi badala yake. Mama alikubali kwa shingo upande, kisha akaweka sharti lake.

"Basi nitazame mlivyofanya," alisema kwenye simu. "Nisipotazama nitakufa sijui mmemwambia nini mtoto wa mwanangu."

Tukamtafuta mwanamke anayepiga video za shughuli za akina mama. Mwali alikataa katakata. Alikaa kitandani na magoti kidevuni, akasema hataki kurekodiwa akiwa kwenye mkeka. Nilimbembeleza, nikamtajia bibi yake, nikamtajia na mama yake. Mwishowe akakubali, ila akanishika mkono.

"Mama mdogo, apate kuona bibi. Ila asione mwanaume. Hata mmoja."

"Hata mmoja," nikamwambia.

"Hata huyu wa humu ndani."

Mume wangu alikuwa sebuleni, akasikia. Akajibu kutoka huko kwamba siku hiyo ikifika yeye atahamia kwa fundi makochi. Tukacheka, lakini mwali hakucheka. Aliendelea kunishika mkono mpaka nikala kiapo.

Diski ililetwa Jumanne, imefungwa kwenye gazeti na kuzungushiwa gundi ya karatasi. Kuituma kama ilivyo ilikuwa haiwezekani. Deki pekee ya karibu na kwa mama ilikuwa kwa jirani ambaye sebule yake haiishi wanaume. Ila kulikuwa na mwalimu wa kike, jirani wa upande wa pili, mwenye simu inayokubali kadi. Ndugu yetu mmoja mwanamke alikuwa anasafiri alfajiri ya Jumatano. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja: kuibana ile diski siku hiyohiyo, kuiweka kwenye kadi, na kadi kuifunga kwenye pindo la kanga ya msafiri.

Asubuhi ile nilimtoa mume wangu kwenye kiti chake. Alitoka bila ubishi, akaenda kukaa kwenye benchi la nje, akageuza na mgongo. Nikaiingiza diski. Picha ya kwanza ilipotokea tu, mwanangu akiwa amekaa mkekani, nilivua kanga ya begani nikaifunika kioo cha kompyuta chote, juu mpaka chini. Sikusoma hata jina la ile kanga. Ilikuwa ndiyo niliyokuwa nayo.

Faili nililipa jina la kumchosha mwanaume yeyote: Mafunzo ya Ujasiriamali. Nilijipongeza kwa hilo. Nimemaliza semina tatu za ujasiriamali maishani mwangu na sijaona mwanaume aliyekaa mpaka mwisho bila soda.

Kisha nikaanza kusubiri, na kusubiri kule sitaki kukurudia tena. Kila maseremala walipowasha mashine ya kuranda, taa ya kibandani ilififia, na moyo wangu ukafifia nayo, maana umeme ukikatika kazi inaanza upya. Nilikuwa nainua pembe ya kanga, nachungulia ule mstari wa kijani unavyotambaa, narudisha kanga. Mteja akija namzuia mlangoni. Mmoja aliuliza kama kuna msiba. Nikamwambia kuna ukaguzi, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Adhana ya adhuhuri ilipoita, mstari ulikuwa umebakiza kipande kidogo. Nyumba yetu ilikuwa nyuma tu ya kibanda, na nilikuwa nimeacha maharage jikoni. Nikamwita mume wangu.

"Naenda kuswali na kuepua maharage. Kaa hapa. Usiangalie."

"Siangalii."

"Usiinue kanga."

"Mke wangu, mie siyo mtoto."

Nikaenda. Niliswali kwa haraka, Mungu anisamehe, nikakuta maharage bado magumu, nikayakalia mpaka karibu saa tisa, nikayaepua, nikarudi nikijifuta mikono. Nilimkuta amekaa kwenye kiti, uso ameuelekeza ukutani kwenye kalenda, ametulia na anatabasamu.

Niliinua kanga. Kazi ilikuwa imekwisha. Mashine yetu ilikuwa na mazoea ya kuweka kila kilichobanwa kwenye folda moja inayoitwa MPYA, na pale ndipo faili langu lilipokaa, pamoja na picha nne nyingine za wiki ile. Nikatoa kadi ili nilihamishe. Ndipo nilipoona flashi moja ya mteja, iliyokuwa inasubiri kwenye kisahani cha mezani, haipo.

"Nani amekuja?"

"Yule jamaa wa Buguruni, mwenye banda. Alikuwa na haraka, ana picha ya mchana. Alitaka mpya zote."

"Umemrushia?"

"Nimemrushia." Tabasamu likazidi. "Na sijainua hata pindo. Nimefanya kwa kibodi tupu, macho ukutani. Miaka yote hii, mkono unajua wenyewe."

Nilisimama pale na kadi mkononi. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimemwambia mwenye macho asitazame, naye akatii. Angekuwa mume mkorofi angechungulia, angeona faili lisilo la kwake, angeliruka. Lakini niliyeolewa naye ni muungwana. Alichagua vyote kwa vidole, akavituma vyote kwa mwenye banda la video, mahali ambapo vijana wanakaa kwenye mabenchi na kutazama chochote kinachowekwa mbele yao.

Nilipomweleza, tabasamu lilikufa likiwa mdomoni. Akapiga simu ya yule bwana. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mle bandani sauti ya spika haimwachi mtu kusikia simu.

"Naenda mie," akasema, akaanza kutafuta kandambili.

"Uende wapi? Ukifika ukaikuta inaonyeshwa, wewe ni nani? Si mwanaume wewe?"

Akasimama na kandambili moja mguuni. Nikaichukua ile kanga kwenye kompyuta, nikajitupia begani, nikatoka kutafuta bodaboda. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Kumkasirikia mtu aliyetimiza ulichomwambia ni kazi ngumu sana, lakini njia nzima mpaka Buguruni niliijaribu.

Banda lile lilikuwa nyuma ya soko, bati tupu, mlangoni pazia zito la turubai. Nje walitundika ubao wenye majina ya picha za siku, na juu ya ubao spika kubwa, ili anayepita asikie milio avutike. Nilipofika spika ilikuwa inapiga mlio wa bunduki na sauti ya mtafsiri akieleza kwa Kiswahili nani anamfukuza nani. Nilishukuru. Sikuwahi kufikiri nitashukuru kusikia bunduki.

Mwenye banda alikuwa kwenye stuli mlangoni. Ananifahamu kwa sababu ya mume wangu.

"Shemeji. Leo umekuja kutazama?"

"Nimekuja kuchukua flashi. Kuna faili bovu humo, tumekupa kwa makosa."

"Mbona inacheza vizuri."

"Siyo hiyo inayocheza. Ni nyingine."

"Ipi?"

Hapo nikakwama. Ningemwambia ni ya akina mama, isitazamwe, ningekuwa nimeiwekea bango. Nimeishi na wanaume, nimezaa wanaume. Ukimwambia mwanaume mlango huu usiufungue, umemwonyesha mlango ulipo.

"Ina virusi," nikasema. "Itakuharibia TV."

Akanitazama. Mwanamke mtu mzima, jasho linanitoka, kanga imekaa upande, nimetoka Keko mbio kwa ajili ya TV yake. Nadhani alianza kunusa kitu.

"Sasa hivi siwezi kuitoa," akasema. "Inasoma humohumo kwenye flashi. Nikikatiza hawa watanivunjia mabenchi, wamelipa. Ngoja iishe, nakupa. Ingia ukae, jua kali."

Nikaingia. Mle ndani kulikuwa na giza na joto la miili. TV ilikuwa mbele, juu ya meza, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, kwa sababu ya wezi. Flashi ilikuwa imechomekwa ubavuni, naiona kataa kake kekundu kanawaka, na mkono haupiti. Watu walikuwa wamejaa. Kijana mmoja kwenye benchi la nyuma alisogea akanipa nafasi bila kunitazama sana. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa bandeji kubwa, nyeupe, mpya.

"Picha hii imebakiza nyingi?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Kidogo tu, mama. Wako kwenye mapigano ya mwisho."

"Ikiisha anakuja mwenyewe kuweka nyingine?"

"Hapana, zinajifuata zenyewe. Kwa herufi."

Picha iliyokuwa inacheza ilianza na K. Nilizipitisha zile nyingine kichwani, mbili zilianza na S na moja na T. Lile jina langu la semina, nililojipongeza nalo asubuhi, lilianza na M.

Nikanyanyuka kurudi mlangoni. Mwenye banda alikuwa ameshika birika la maji, anaelekea msikitini, adhana ya alasiri inaita.

"Niachie ufunguo," nikamwambia. "Na rimoti."

Akacheka. "Shemeji, ufunguo wa TV hii simpi hata mama yangu. Nawahi swala ya jamaa, narudi sasa hivi." Akapapasa mfukoni kuhakikisha vipo, akavuka barabara.

Nilirudi kukaa. Sijui kama nimewahi kutazama picha kwa makini kama nilivyotazama mwisho wa ile. Nilikuwa namwombea yule mtu mwenye bunduki asimpate adui yake. Nilitaka adui akimbie, apande gari, apande ndege, wafukuzane mpaka swala iishe. Akapigwa risasi palepale kwenye ngazi. Akaanguka. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda, na vijana wakaanza kujinyoosha.

Kioo kikawa cheusi. Kisha yakatokea maua ya waridi mekundu, yanazunguka, yale wanayoyaweka wapiga video wote wa shughuli.

"Hii nayo ni ya nini?" mmoja akauliza.

Maua yakafunguka, na mwanangu akawa mbele yao. Alikuwa amekaa mkekani, amefunikwa kanga kichwa mpaka magotini kama tunavyomkalisha mwali, uso hauonekani. Kilichoonekana ni miguu. Ameinyoosha mbele, nyayo zimeelekea kamera, hina mbichi imechorwa vidoleni mpaka visiginoni.

Sikumbuki kupita katikati ya mabenchi. Nakumbuka nimemkanyaga mtu akaguta. Nakumbuka nondo za kile kizimba zilikuwa za moto. Nilivua kanga nikaitandika mbele ya kizimba, nikaishikilia kwa mikono yote miwili juu, mgongo wangu kwa wale wanaume, kichwa wazi.

Picha nikawa nimeiziba. Sauti sikuwa na la kuifanya. Spika za ndani na ile ya nje zikaanza kutoa sauti yangu mimi mwenyewe, nene kuliko ninavyojisikia, inamwambia mwali mbele ya Buguruni yote:

"Mambo ya ndani, mwanangu, hayatoki nje."

Vigelegele vikafuata. Mtu mmoja akacheka, na wa pili, na wa tatu. Nikadhani wanacheka maneno. Nikainamisha macho nikasoma kanga niliyoishika, herufi kubwa nyeusi, imekaa wima kabisa mbele yao: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

"Mama, ujumbe umefika," mmoja akasema, na benchi zima likalipuka.

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu, na sikuweza lolote kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Niliwaambia bila kugeuka, "Hii siyo ya kwenu." Ndilo neno pekee lililotoka. Sauti yangu ya kwenye spika ikaendelea kumfundisha mwali namna ya kumpokea mumewe anaporudi kachoka, na kila sentensi nilijua inayofuata ni ipi, na nilijua tulipokuwa tunaelekea. Bado kidogo tungefika yale ambayo hata wanawake wenyewe huyasema wakiwa wamefunika mdomo.

Nyuma yangu nikasikia mtu ananyanyuka. Pazia likapigwa, miguu ikakimbia nje kufuata ukuta. Nikaanza kuimba mwenyewe wimbo wetu wa kumfundia mwali, kwa nguvu, ili nifunike sauti yangu kwa sauti yangu, jambo la kipumbavu, lakini ndilo nililolipata. Kisha kila kitu kikazimika. Spika, kioo, feni ya juu. Nikabaki naimba peke yangu gizani.

Kijana mwenye bandeji akaingia tena. Alikuwa ameufuata waya mpaka duka la jirani ulikochomekwa, akauchomoa.

"Umeme umekatika," akawatangazia wenzake. "Tokeni mkapate hewa."

Wakatoka, wengine wanacheka bado, wengine hawanitazami. Yeye alikuwa wa mwisho. Alipita pembeni yangu ameinamisha macho, na mimi sikumshukuru. Sikuwa na sauti iliyobaki.

Mwenye banda aliporudi alinikuta nimekaa chini mbele ya kizimba, kanga bado iko kwenye nondo. Alifungua kufuli bila maswali akanipa flashi. Niliichomeka kwenye simu yake nikalifuta faili mbele yake, kisha nikaondoka na flashi yenyewe pia. Hakuidai.

Nyumbani mume wangu alikuwa amekaa palepale kwenye benchi la nje. Aliniuliza waliona nini. Nikamwambia aulize kwanza kama nimekunywa maji. Akaenda kuleta maji. Baadaye nilimwona amebadilisha mashine, kila kinachobanwa kiwe kinauliza kwanza kiwekwe wapi, na hajaacha kufanya hivyo mpaka leo.

Mwali nilimwambia jioni ileile. Ningeweza kunyamaza, na shoga yangu mmoja alinishauri ninyamaze mpaka fungate ipite. Lakini nilishamwahidi mara moja nikashindwa, sikutaka kumdanganya juu yake. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka wake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Wameona nini?"

"Miguu. Nyayo."

"Zina hina."

"Zina hina."

Mkono wake ulisimama kwenye ukili. "Hata yeye hajaziona," akasema.

Nilianza kumwambia kwamba ni sekunde chache, kwamba wale ni watu wa njia, hawamjui. Akanikatiza.

"Wanakijua kilichowachekesha. Sauti yako wameisikia, wimbo wameusikia. Wewe ndiye utakayesimama mlangoni Ijumaa. Kama kuna wa upande wao aliyekuwemo mle, atakujua, na akikujua wewe amenijua mie. Ndiyo nitakuwa bi harusi wa kwenye banda la video." Akavuta miguu yake akaikalia, akaifunika na gauni.

Kadi iliondoka alfajiri kwenye pindo la kanga, kama ilivyopangwa. Alhamisi jioni mama alipiga simu. Alisema tumefanya vizuri ila nyimbo tumeziharakisha, tuna haraka za mjini, na kwamba amelia alipoziona nyayo za mjukuu wake kwa sababu ni za dada yangu tupu. Nilimpa mwali simu azungumze naye. Alisema ndiyo bibi, ahsante bibi, na alikuwa bado ameikalia miguu.

Ijumaa, baada ya swala, wakaja. Tulisikia kaswida kutoka barabarani, maseremala wakazima mashine zao kwa heshima. Kwetu bwana harusi hamfikii mkewe hivihivi. Somo, yaani aliyemfunda mwali, anasimama mlangoni na wanawake nyuma yake, upande wa mume wanatoa msemaji, na mlango unafunguliwa kwa maneno matamu na bahasha. Hapo ndipo penye utani, na hapo mtu anaweza kusema lolote kila mtu akacheka. Nilisimama pale nimevaa doti mpya, mgongo unanitoka jasho. Nyuma yangu chumbani mwali amekaa mkekani, amefunikwa, amekunja miguu chini yake. Wanawake walishamwambia mara mbili akae vizuri, hakutaka.

Umati ukapasuka, msemaji wao akapita mbele. Kanzu nyeupe, kofia ya kutariziwa, bahasha mkononi. Kidole gumba kilichoishika bahasha kilikuwa na bandeji.

Alikuwa mdogo wake bwana harusi. Tulitazamana. Nilisahau maneno yote niliyoyaandaa. Mjomba wao mmoja, mzee mcheshi, akacheka nyuma yake.

"Vipi, kijana? Umepigwa na butwaa. Mnajuana na huyu mama nini?"

Watu wakasubiri utani. Hata wanawake wangu nyuma walisogea wasikie, na najua chumbani nako kulikuwa na mtu anasikiliza. Angesema tu kwamba sauti ya huyu mama si ngeni, ingetosha. Wangemuuliza ameisikia wapi.

Kijana aliinamisha kichwa.

"Hapana, mjomba. Ndiyo kwanza tunaonana." Kisha akaniambia mimi, taratibu, "Shikamoo mama. Tumekuja kwa heshima. Utakachosema, sisi tunakubali."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Nilijaribu kuongeza neno la kumsumbua, kama desturi inavyotaka, sikulipata. Nilipokea bahasha bila kuifungua nikasogea pembeni. Wanawake wakanung'unika kwamba mlango umekwenda bure, somo gani huyu. Waliendelea kuninung'unikia mpaka wakati wa pilau.

Kabla bwana harusi hajaingia, niliwahi mimi chumbani. Nilipiga magoti mkekani nikaweka mdomo karibu na kanga iliyomfunika.

"Yupo aliyekuwemo mle?" akauliza kutoka ndani.

"Yupo mmoja. Anasema ndiyo kwanza tunaonana."

Nilisikia pumzi yake ikitoka, na kanga ikacheza kidogo usoni. Mlangoni viatu vilikuwa vinavuliwa. Ndipo akajisogeza, akaitoa miguu chini yake, akainyoosha mbele ya mkeka.